Hip-hop na Mapenzi ya Jinsia Moja: Kutoka Dandora hadi Eldoret

Matusi ambayo rapu ya Kiswahili imewarushia watu wa mapenzi ya jinsia moja yana umri mkubwa kuliko rapu yenyewe. Neno "hanithi" lilifika pwani kutoka Kiarabu. Huko Oman lilimtaja mwanamume aliyeishi na kuvaa kwa namna iliyokuwa kati ya wanaume na wanawake, mtu ambaye jamii ilimjua, ikamsema, na bado ikamwita aimbe arusini. "Shoga" hadi leo ni neno la mapenzi kati ya wanawake wa Mombasa na Unguja: ni rafiki wa mwanamke, yule anayeingia hadi jikoni bila kungoja kukaribishwa. Likitamkwa kwa mwanamume, neno hilohilo linakuwa tusi. "Msenge" na "basha" yanawagawa wanaume wawili waliofanya jambo moja: mmoja anabebeshwa aibu yote, mwingine mara nyingi anaachwa apite. Mwanamke huitwa "msagaji". Pwani, katika nyimbo za mipasho na ngoma za arusi, maneno haya yalitumika ndani ya jamii iliyowafahamu watu hao kwa sura na kwa majina yao. Bara yalifika ukali ukiwa umebaki na ujirani umepotea.

Sheria ilikuja kwa njia yake. Mwaka 1897 Waingereza waliileta Kanuni ya Adhabu ya India katika himaya yao ya Afrika Mashariki, pamoja na kifungu cha 377 kuhusu tendo "kinyume cha maumbile". Mwaka 1930 Kenya ilipata Kanuni yake ya Adhabu, na humo vikaingia vifungu ambavyo havijaondoka: cha 162, chenye kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165, kinachowahusu wanaume peke yao, chenye kifungo cha hadi miaka 5. Baada ya uhuru vifungu hivi vilianza kutetewa kama ngao ya mila za Kiafrika. Wazee wa Uasin Gishu, Mombasa au Kisumu hawakuwahi kuulizwa vilipotungwa.

Hip-hop ya Kenya ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990, na ilizaliwa ikiwa na hasira. Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, mtaa wa Nairobi uliopakana na jaa la taka la jiji, walionyesha kwamba rapu inaweza kusimama kwa Kiswahili na Sheng bila kuazima lafudhi ya New York. Walichana kuhusu njaa, polisi na mtoto wa mtaani ambaye hakuna mwanasiasa aliyemwona. Kundi kubwa lililokua kando yao, Ukoo Flani Mau Mau, lilijiita kwa jina la wapiganaji wa msituni kwa sababu lilijiona likiendeleza vita vya watu waliosahauliwa. Ahadi ya muziki huo ilikuwa kumsemea anayedharauliwa, na kwa mambo mengi iliitimiza. Watu wa mapenzi ya jinsia moja hawakuhesabiwa kati ya wanaodharauliwa. Katika mabishano ya mistari, kumwita mpinzani msenge lilikuwa pigo la kumaliza mchezo, na aliyelitoa hakuhitaji kufikiri kama katika umati ule yumo kijana ambaye neno hilo lilikuwa likimhusu kweli.

Sehemu ya ukali huo ilitoka Jamaica. Matatu za Kenya zililelewa na rege na ragga, na katika miaka ya 1990 ragga ilikuwa na nyimbo zilizotaka wazi watu wa mapenzi ya jinsia moja wauawe. Wimbo "Boom Bye Bye" wa Buju Banton, uliotoka mwaka 1992, ulipigwa duniani kote, na abiria wengi wa matatu hawakufahamu lugha ya Patwa ya Jamaica hata kidogo. Mdundo ulitosha. Mashirika ya haki za binadamu Ulaya na Marekani yalipoanza kuzuia matamasha, baadhi ya wasanii wa Jamaica walitia saini mwaka 2007 mapatano ya kuacha nyimbo za namna hiyo, na Buju Banton mwenyewe aliuondoa wimbo wake katika orodha ya kazi zake mwaka 2019. Katika stendi za Nakuru na Eldoret mapatano hayo hayakusikika kwa sauti iliyolingana na ile ya wimbo.

Marekani, ambako vijana wa Kenya walitazama zaidi, mambo yalianza kusogea polepole. Mwaka 2005 Kanye West aliiambia MTV kwamba hip-hop inawabagua watu wa mapenzi ya jinsia moja, akawaomba wenzake waache, na akamtaja binamu yake kuwa ndiye aliyemfungua macho. Julai 2012 Frank Ocean, mwimbaji wa kundi la Odd Future, aliandika wazi kwamba mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kwa mwanamume. Mwezi huohuo Macklemore na Ryan Lewis wa Seattle, wakiwa na mwimbaji Mary Lambert, walitoa "Same Love", wimbo wa rapu unaotetea ndoa za jinsia moja huku ukiinyoshea kidole hip-hop yenyewe. Miaka minne baadaye wimbo huo ungeleta mtikisiko Nairobi.

Kabla ya hapo, uwanja ulifunguliwa na mwandishi. Januari 2014 Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru na mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2002, alichapisha insha fupi aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu. Ndani yake alijiwazia akiwa kando ya kitanda cha mama yake aliye mahututi, akimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia alipokuwa hai: kwamba yeye hupenda wanaume. Wakati huo Uganda ilikuwa ikielekea kutia saini sheria kali, na kweli ilitiwa saini tarehe 24 Februari mwaka huo, kabla ya Mahakama ya Katiba kuifuta Agosti kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia. Binyavanga alikuwa mtu wa kwanza mwenye jina kubwa kiasi hicho Kenya kusema hivyo kwa kinywa chake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kudai kwa haki kwamba watu hao ni wageni waliotumwa. Huyu alikuwa mtoto wa Nakuru, mji ambao mabasi ya Nairobi kwenda Eldoret hupita.

Oktoba 2014 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, ilipiga marufuku filamu "Stories of Our Lives" ya kundi la The Nest. Ilikuwa kazi ya rangi nyeusi na nyeupe, hadithi tano fupi zilizotokana na simulizi za Wakenya wenyewe. Iliposhiriki tamasha la Toronto mwezi uliotangulia, watengenezaji wengi walificha majina yao. Mtayarishaji mmoja alikamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni, kisha mashtaka yakaondolewa. Sheria iliyotumika, Sura ya 222 kuhusu filamu na michezo ya jukwaani, ilitungwa mwaka 1962, bendera ya Uingereza ikiwa bado inapepea.

Wanasiasa nao walisema. Mei 2015 William Ruto, wakati huo Naibu Rais na mtu wa Sugoi, si mbali na Eldoret, alitangaza kanisani Nairobi kwamba Kenya haina nafasi kwa mashoga. Miezi miwili baadaye Rais Barack Obama, akiwa Nairobi, alitetea usawa mbele ya kamera, na Rais Uhuru Kenyatta akajibu kwamba kwa Wakenya hilo si suala. Jibu hilo lilishangiliwa sana. Lakini Februari mwaka uliofuata hip-hop iliamua kwamba ni suala.

Kundi lililojiita Art Attack lilichukua mdundo wa "Same Love", likaweka mashairi mapya ya Kenya juu yake, na kutoa video katika YouTube. Humo mlikuwa na wapenzi wa jinsia moja, picha za maandamano, na vichwa vya magazeti vya Afrika Mashariki vilivyowaanika watu kwa majina. Kwa ufundi, haikuwa rapu bora kuwahi kutoka Nairobi. Mistari yake ilikuwa ya moja kwa moja mno, na mdundo wenyewe ulikuwa wa kuazima. Uzito wake ulikuwa mahali pengine. Kwa mara ya kwanza msikilizaji wa Kenya alisikia rapu ya nyumbani ambamo mtu aliyekuwa akirushiwa tusi ndiye anayeshika maikrofoni. Video ilichokoza kwa makusudi, kama Kalamashaka walivyochokoza miaka ishirini iliyotangulia walipomlazimisha mtazamaji wa runinga kuitazama Dandora.

KFCB, ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilipiga video hiyo marufuku kabla ya Februari 2016 kwisha. Ilisema video inatetea ushoga, ina picha za kimapenzi zisizofaa, na haiendani na maadili ya taifa. Ilikwenda mbali zaidi na kuitaka Google iiondoe katika YouTube, ikaonya pia dhidi ya kuisambaza. Hapo sheria ya 1962 iliyotungwa kwa ajili ya sinema na kumbi iligonga ukuta. Kuzuia mkanda wa filamu kuingia katika ukumbi ni kazi ya askari mmoja mlangoni. Kuzuia kiungo kinachopita katika simu za watu hakuwezekani kwa amri ya bodi. Habari za marufuku zilitangazwa na vyombo vikubwa vya dunia, na wimbo ambao ungesikilizwa na wachache ukatafutwa na wengi.

Bodi hiyo haikuwa na macho kwa mapenzi ya jinsia moja peke yake, na ni haki kulisema hilo. Mtindo wa rapu wa gengetone ulipolipuka mwaka 2018 kwa "Lamba Lolo" ya kundi la Ethic, uchokozi wa kisanaa ulichukua sura nyingine: miili, pombe na majigambo ya chumbani. Aprili 2019 KFCB ilipinga "Takataka" ya Alvindo kwa namna ilivyomfananisha mwanamke na taka. Novemba mwaka huohuo "Tarimbo" ya Ethic ilishutumiwa na wanawake wengi kwamba inausifu ubakaji. Kundi likaomba radhi na wimbo ukaondolewa. Ukiweka kesi hizi kando ya "Same Love", tofauti inaonekana wazi. "Tarimbo" ilipingwa kwa sababu ya dhara ambalo ingeweza kumfanyia mtu. "Same Love" ilipingwa kwa kusema kwamba watu fulani wapo na wanapenda. Bodi ilitumia neno moja, maadili, kwa mambo mawili yasiyofanana kabisa.

Uganda ilikuwa na kisa chake cha wanamuziki. Mwaka 2014 Uingereza ilimnyima viza Bobi Wine baada ya wanaharakati kuonyesha mashairi yake ya kuwashambulia watu wa mapenzi ya jinsia moja, na matamasha yake London na Birmingham yakavunjika. Baadaye, akiwa mwanasiasa anayepigwa na kufungwa na dola, alisema kwamba ingawa hakubaliani nao, anaheshimu haki yao ya kuishi. Keko, mmoja wa rapa wa kike hodari kuwahi kutoka Kampala, alihamia Kanada na mwaka 2017 akaeleza hadharani kwamba yeye ni msagaji na kwamba huko ndiko anakojisikia huru. Afrika Mashariki ilimpoteza mchanaji wa kiwango chake kwa sababu isiyohusiana na muziki.

Filamu "Rafiki" ya Wanuri Kahiu iliunganisha njia hizi zote. Ilitokana na hadithi ya "Jambula Tree" ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, na ilisimulia mapenzi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi, watoto wa wanasiasa wapinzani. Muziki wake ulikuwa wa wanawake wa Nairobi, akiwemo Muthoni Drummer Queen, ambaye amekuwa akisimama katikati ya rapu na uimbaji. Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes. Mwezi mmoja kabla, KFCB ilikuwa imeipiga marufuku, hasa kwa sababu mwisho wake ulikuwa na matumaini. Kwa maneno mengine, msiba ungeruhusiwa. Septemba Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku kwa siku saba ili filamu itimize masharti ya kushindania Oscar, na katika siku hizo watu walipanga foleni nje ya sinema ya Prestige hadi tiketi zikaisha. Aprili 2020 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuiondolea marufuku moja kwa moja.

Kuhusu vifungu vya 1930 vyenyewe, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi tarehe 24 Mei 2019: vinabaki. Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki siku tatu kabla.

Eldoret iliyafuatilia haya yote kwa mbali, kama mji unaosikiliza redio. Ni mji wa wakimbiaji, ngano na mahindi, ulioitwa Sixty-Four na wazee kwa namba ya shamba la walowezi ambalo juu yake ulikua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716, wengi wao vijana waliovutwa na Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret na taasisi nyingine. Ni mji wa nguo pia: Rivatex ilianza kutengeneza vitambaa hapo tangu miaka ya 1970, ikafilisika, ikafufuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Mji huu unajua pia maneno yanavyoweza kuua. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya mji lilichomwa likiwa limejaa waliokimbilia humo, na zaidi ya watu 30 waliteketea, wengi wao wanawake na watoto. Mtangazaji mmoja wa redio ya lugha ya Kikalenjin alifikishwa katika mahakama ya Hague. Kesi yake ilikomeshwa Aprili 2016. Kutokana na machungu hayo Bunge lilitunga mwaka 2008 sheria ya utangamano wa kitaifa, inayoharamisha matamshi ya chuki ya kikabila. Sheria hiyo inalinda kabila, rangi na asili ya mtu. Mstari wa rapu unaotaka kabila fulani lifukuzwe unaweza kumpeleka mchanaji kortini. Mstari unaotaka msenge apigwe haumo ndani yake.

Katika mji huo aliishi Edwin Chiloba. Alisomea mitindo katika Chuo Kikuu cha Eldoret, akabuni nguo na kuzivaa yeye mwenyewe mbele ya kamera: hereni, vitambaa vya kung'aa, magauni juu ya mwili wa mwanamume. Picha zake alizitoa mtandaoni kwa jina lake, akiwa hapohapo Eldoret. Hakuwa rapa, ila mavazi yake yalikuwa uchokozi wa aina ileile iliyoifanya hip-hop iheshimike: kijana wa kawaida anayekataa kujificha na kumlazimisha mtazamaji amtazame. Hip-hop ya Kenya ilikuwa imemfundisha kila kijana wa rika lake kwamba kujionyesha ulivyo ni ujasiri. Wengi waliopenda somo hilo hawakumpa Chiloba haki ya kulitumia.

Mwanzoni mwa Januari 2023, siku chache baada ya kuonekana mkesha wa mwaka mpya katika klabu ya Eldoret, mwili wake ulipatikana katika sanduku la chuma lililotupwa kando ya barabara huko Kapseret. Alikuwa na miaka 25. Uchunguzi wa mpasuaji mkuu wa serikali, Johansen Oduor, ulithibitisha kwamba alikufa kwa kukosa hewa. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye alikamatwa karibu mara moja. Wakati kesi ikisubiriwa, mtandaoni yalimiminika maneno ya namna mbili: maombolezo kutoka kona nyingi za dunia, na furaha ya watu walioandika kwamba amestahili, wengi wao kwa matusi yaleyale ya mistari ya rapu. Tarehe 17 Januari alizikwa Sergoit, Elgeyo Marakwet, na jamaa zake wakamlilia kama mtoto wao. Familia haikungoja ruhusa ya mtu yeyote kumpenda.

Tarehe 24 Februari mwaka huo Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba ilikuwa kosa kulinyima usajili shirika la kutetea haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja. Haikuvigusa vifungu vya adhabu. Hata hivyo lawama zilinyesha. Rais Ruto alisema mila na dini za Kenya haziruhusu ndoa hizo, ingawa mahakama haikuwa imesema lolote kuhusu ndoa, na mbunge Peter Kaluma akatayarisha mswada wa kuongeza adhabu. Mei mwaka huohuo Uganda ilitia saini sheria mpya iliyoweka hata adhabu ya kifo kwa makosa fulani.

Kesi ya Chiloba ilisikilizwa katika Mahakama Kuu ya Eldoret. Tarehe 16 Desemba 2024, miezi minne baada ya mji huo kupewa hadhi ya jiji, Jaji Reuben Nyakundi alimhukumu mwanamume aliyekuwa akiishi naye kifungo cha miaka 50 kwa mauaji.